Eda Ikiisha, Mzee Anabaki na Nani?

Mume wa mama yangu mkubwa alipofariki, nyumba yao ya Ruangwa haikukosa wageni muda wote wa eda. Miezi minne na siku kumi zilipotimia, jamaa walirejea makwao, nami nikarudi Nachingwea. Ndipo ulipoanza msiba wa pili, usio na tanga wala hitima.

Alianza kulalamikia mgongo na kifua. Akawa anaamka saa tisa usiku asipate usingizi tena. Chakula alikigusa tu, na darsa ya akina mama akaiacha. Msimu wa korosho ulipoingia, hakuiulizia hata mikorosho yake. Majirani walisema ni uzee, wengine wakasema ni jini, na wapo walionong'ona kuwa imani imepungua.

Hospitalini alipimwa kisukari na shinikizo la damu, kisha daktari akatueleza kuwa ana sonona. Huzuni ya msiba huja na kupungua. Sonona hukaa karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, ikimwondolea mtu hamu ya aliyoyapenda. Kwa wazee mara nyingi hujificha ndani ya maumivu ya mwili na usahaulifu, ndiyo maana hudhaniwa kuwa uzee.

Ama kuhusu imani, Sura Yusuf inatusimulia kuwa macho ya Nabii Yaaqub (a.s.) yaligeuka meupe kwa huzuni, na wanawe wakamlaumu kwa kutomsahau Yusuf. Nani atathubutu kusema alipungukiwa imani? Naye Mtume Muhammad (s.a.w.) aliomba kinga kwa Allah dhidi ya huzuni, na akahimiza watu watafute tiba. Dua na dawa haviko kinyume.

Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, na hazikatizwi bila ushauri wa daktari. Mzee akisema amechoka kuishi, asipuuzwe. Aulizwe kwa upole, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali mapema.

Lakini mzee huhitaji pia kuhitajiwa. Wanawe walioko Dar es Salaam walimtumia fedha kila mwezi, na binti akawekwa apike na kufua. Kwa wema huo, mama alikosa la kufanya tangu alfajiri hadi Isha. Pamoja na dawa, tulimrudishia kazi ya kuchambua korosho na kuwasikiliza wajukuu wakisoma Juzuu Amma. Akaanza kuwasahihisha, kisha kuwakaripia, nasi tukamshukuru Allah. Bado zipo asubuhi nzito, lakini siku hizi husema.

Sura Al-Israa imetukataza kuwaguna wazazi wetu. Basi tusidhani kuwa kunyamaza mbali nao ndiko kuitii. Ndugu msomaji, kama katika ukoo wenu yupo mjane mzee aliye edani, pangeni sasa zamu za kumtembelea, na zamu ya kwanza iwe siku eda inapokwisha.