Wosia Una Maana Mbili

Katika somo la semantiki tunafundishwa kwamba neno moja linaweza kubeba maana mbili bila kumsumbua msikilizaji, kwa kuwa muktadha humwonyesha iliyokusudiwa. Neno "wosia" nililiona likishinda muktadha.

Wosia ni nasaha za mwisho za mzazi: pendaneni, msiache shule, mtunzeni mama yenu. Wosia pia ni tamko la mtu kuhusu mali yake baada ya kufa. Mume wa mama yangu mdogo, hapa Lubumbashi, aliwaambia ndugu zake akiwa kitandani: "Mama abakie mu nyumba." Siku ya kuondoa matanga, ndugu hao walikiri wote kwamba maneno hayo yalisemwa. Walichosema ni kwamba yalikuwa mashauri tu, na mashauri hayagawi nyumba. Wakampa mjane mwezi mmoja ahame.

Kwa kuwa mimi ndiye mwanafunzi wa lugha katika jamaa, nilipewa kazi ya kumsomea Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Nilikuta mambo ambayo hakuna aliyeyataja kwenye kilio. Marehemu asipoacha wosia, watoto ndio warithi wa kwanza, nao hupata robo tatu ya mirathi. Robo inayobaki hugawiwa makundi matatu: mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake, kila kundi sehemu moja ya kumi na mbili. Kwa hiyo mashemeji wana fungu lao, lakini fungu hilo haliwi nyumba nzima. Zaidi ya hapo, mke aliyebaki ana kile ambacho Kifaransa hukiita *usufruit* ya nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake.

Hapo nilikwama. Nilijaribu "haki ya manufaa". Akauliza manufaa gani. Nikasema: haki ya kukaa ndani na kuitumia bila kuiuza, hata kama warithi ni wengine. Akanitazama.

"Mwanangu, sasa ile nyumba ni yangu ao ni yabo?"

Kiswahili kina "yangu" na "yao", lakini haki hii iko katikati. Nikamjibu: "Fungu kubwa ni la watoto, lakini anayekaa humo ni wewe." Aliirudia sentensi hiyo mara tatu, akaenda nayo kwa mashemeji zake, kisha mahakama ya amani. Kesi haijaisha. Yeye bado yumo ndani.

Ibara ya 142 ya Katiba ya 2006 inaitaka Serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha zetu nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Mama mdogo hajawahi kushika nakala ya Kiswahili ya sheria inayomlinda. Sheria inapokuja bila maneno, desturi huja na yake, mafupi na yanayoeleweka na wote: "Mwanamke harithi." Kila mwaka kitivo chetu hupokea tasnifu kuhusu methali na majina ya watu, na ni kazi njema. Ningependa mmoja wetu achukue istilahi za mirathi, akae na wajane, ajaribu kila neno mbele yao mpaka waache kuuliza "manufaa gani?"

Wakati huo, nyumbani kuna kazi isiyongoja tasnifu. Mwenye mali anaweza kuandika wosia wake kwa mkono wake mwenyewe, akatia tarehe na sahihi. Au akaufanya mbele ya notere. Nilimweleza baba yangu hayo jioni moja. Alinyamaza siku mbili, maana kwetu kuandika wosia ni kama kuita kifo. Siku ya tatu aliomba kalamu. Ukurasa mmoja ulitosha kwa nyumba, kiwanja na mashine mbili za kushonea.

Nasaha bado anatupa kwa mdomo, kila Jumapili.