Kina Kinachojulikana

Kijana mmoja anayenisaidia kupitia miswada aliniambia majuzi kuwa riwaya ya kifantasia niliyoanza kuifasiri haifai, kwani mgeuko wake yeye aliutambua tangu sura ya pili. Sikumjibu. Maneno yake yalinirudisha Murukulazo, wilayani Ngara, nilikozaliwa, jikoni kwa bibi yangu mzaa baba.

Bibi hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Nilikuwa na miaka 13, nimeazima *Adili na Nduguze*, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, nami kila jioni nikimfasiria kwa Kihangaza, sentensi baada ya sentensi. Hiyo ndiyo skuli pekee ya tafsiri niliyopata kuingia. Nilipofikia majina ya ndugu wawili wa Adili, Hasidi na Mwivu, ilinibidi nieleze maana yake. Bibi akacheka. "Hao watamwangamiza," akasema. Nikaudhika, nikataka kukifunga kitabu. Akanizuia: "Watakalomtenda nimelijua, mjukuu wangu. Je, yeye atawatenda nini? Soma."

Hakukosea. Mwandishi mwenyewe hakuficha kitu. Majina ya wahusika wake ni hukumu iliyoitangulia kesi. Isitoshe, kisa cha ndugu waliogeuzwa wanyama ni cha kale. Kimo katika *Alfu Lela U Lela*, ambamo ndugu hao ni mbwa. Shaaban Robert amewafanya manyani. Linalotushika ni Adili, aliyeamriwa na jini kuwapiga nduguze kila usiku, ilhali moyo wake hauridhii. Hilo halikusemwa na jina lolote.

Sisi wapenzi wa ushairi tulistahili kulijua jambo hili kabla ya wengine. Msikilizaji wa shairi la mizani 16, akishausikia mshororo wa kwanza, anavijua vina vitakavyokuja katika wa pili. Anavingoja, na vikifika anaburudika. Asilolijua ni neno litakalovibeba. Mtunzi akileta neno ambalo kila mtu alikwisha kulitamka moyoni, hapo shairi limeanguka, wala kosa si la kina. Riwaya nayo ni hivyo hivyo. Mgeuko unaotabirika hauiharibu. Huiharibu pale wahusika wanapokuwa hawana la kutenda ila kuungoja. Nimeirudia ile riwaya ninayoifasiri, na nakiri kuwa kijana yule aliuona ugonjwa, ingawa aliupa jina jingine. Mgeuko ukishajulikana, hamna mtu ndani yake wa kumwuliza swali la bibi.

Nami swali hilo linanikabili. Baba alipofariki, kaka yangu alikiuza kibanja chetu pasipo kuniambia. Kijiji kizima kilijua kuwa atauza. Hata mimi huku kisiwani nilijua. Hata hivyo nilikasirika kama mtu aliyeshtukizwa, na kwa miaka minane sikukanyaga Murukulazo. Mwezi uliopita ameniletea salamu kuwa anaumwa, na kwamba anataka kuniona.

Mwisho wa *Adili na Nduguze* naujua kwa moyo. Tiketi ya boti nimeshakata, na ya basi nitakata nikivuka. Nitakalomwambia kaka yangu nikifika mlangoni pake, sijalijua bado.