Ya Kulia Pia

Barabara za murram za Mautuma hazifichi siri ya gari. Shimo dogo tu, unasikia chini: kong, kong. Mara nyingi hata si shoki. Ni linki ya stebilaiza, kachuma kafupi kenye kifundo cha mpira, kanakoshika ile baa inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona.

Probox yetu naiendesha mimi. Bro yuko Nairobi, hutuma pesa. "Si inagonga kushoto? Nunua ya kushoto." Kwenye M-Pesa mambo huwa mepesi hivyo. Lakini ndani ya gari hilo ndimo Mzee huenda kliniki Lumakanda, mkono umeng'ang'ania mlango, mgongo unamuuma. Nilinunua mbili, ya pili kwa pesa ya unga.

Kuzifunga kuna adabu yake. Ukiinua gurudumu moja tu, baa inajipinda na tundu halilingani na bolti. Inua pande zote mbili, egemeza gari kwenye stendi, linki itaingia kwa mkono. Bolti ikizunguka pamoja na nati, ishike katikati kwa alenki, halafu kaza nati kwa spana. Kaza vizuri, lakini si kwa hasira. Meno yakiisha, utanunua nyingine.

Bro alipiga jioni. "Kwani ya kulia ilikuwa na shida gani?"

"Imepita mashimo yale yale," nikamwambia.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza Mzee anaendeleaje.