Ratiba ya Januari

Nakiri: kilichoniharibia mwaka si msimu wa kahawa. Ni wiki zilizoufuata.

Mimi ni karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha kahawa huku Tetu, Nyeri. Anayeijua kahawa yetu anajua Oktoba hadi Desemba ni nini. Matunda huchumwa asubuhi, humwagwa juu ya magunia ili mabichi na yaliyokauka yatengwe na mekundu, na jioni foleni imefika barabarani. Lazima yamenywe siku hiyohiyo. Yakilala huanza kuchacha na ladha ikaharibika. Kwa hiyo karani haondoki hadi debe la mwisho lipimwe, hata ikifika saa tano usiku. Nilikuwa nakula nikiwa nimesimama. Kanisa nililisikia kwa mbali tu, kupitia kipaza sauti. Mama yangu, tunayeishi naye boma moja, nilimkuta amelala kila niliporudi.

Hayo siyalalamikii. Msimu ni msimu, na ndio unaolipa karo.

Mambo yaliharibika Januari. Mizani ilipotulia niliona haya kwa yote niliyoyatupa, nikataka kuyarudisha kwa mpigo mmoja. Nilichora ratiba nikaibandika kwenye mlango wa jikoni: kuamka saa kumi alfajiri, sala, kukimbia hadi barabara ya lami, kwaya Jumatano, chama Jumamosi, na kila siku saa kumi jioni, “chai na Mama, dakika 20”. Naam, niliandika na dakika. Jioni moja nilikuwa naye, kikombe mkononi, jicho kwenye saa ya simu. Akaniuliza taratibu, “Mwanangu, leo nimetoka kilo ngapi?” Nilicheka. Nilikuwa nishafika jikoni ndipo nikatambua kwamba hakuwa akitania.

Shambani nilifanya ujinga wa gharama zaidi. Baada ya mavuno ndio wakati wa kupogoa, kabla ya mvua za Machi, hapo sikukosea. Mikahawa yangu ni SL28 aliyoipanda baba, na mashina yake yalikuwa yamezeeka. Mkulima mwenye subira hukata baadhi ya mashina, akaacha mengine yaendelee kuzaa huku machipukizi yakikua. Mimi nilitaka kuona shamba jipya, na nilione mara moja. Nilishika msumeno nikakata yote, mti baada ya mti, vikabaki visiki visivyofika magotini. Jirani alisimama kwenye ua akauliza kama nimeuza shamba. Mkahawa uliokatwa hivyo huchukua takriban miaka miwili kabla ya kuzaa vizuri tena. Karo ya kipindi hicho nimeiombea mkopo kwenye sacco.

Kufikia Februari kwaya ilinishinda, kukimbia kukanishinda, nikawa nasinzia mchana ratiba ikinitazama. Na hapa ndipo Nyeri, mji ambao Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuja kupumzikia uzeeni hadi akafariki mwaka 1941! Wageni huja kulitazama kaburi lake na mlima, wakarudi kwao wamechangamka. Sisi wenyeji hatuna habari.

Niliibandua ile karatasi. Nikaanza na usingizi peke yake: saa tatu kitandani, simu ibaki sebuleni. Sikuongeza kitu hadi hilo likawa mazoea. Kisha chai na Mama, bila saa. Siku nyingine tunaongea hadi giza, siku nyingine ananifukuza mapema kwa sababu anataka kusikiliza redio. Chama nimerudi. Kwaya bado, nao wameniambia nafasi yangu ipo. Kukimbia sirudii: sikuwahi kukupenda, nilikuandika kwa kuwaiga watu wa Nairobi.

Makarani wenzangu wa Othaya, Mathira na Mukurwe-ini, na nyinyi wa Kirinyaga pia: Krismasi ikipita, laleni kwanza. Kupogoa kunaweza kungoja hadi Februari.