Wekundu wa Wapi?

Ukimtajia mpenzi wa kandanda wa Dar es Salaam neno "Wekundu", hahitaji maelezo: ni Wekundu wa Msimbazi, ni Simba. Wekundu huo ni wa jezi. Mchezo ukiisha, jezi huanikwa kambani na mchezaji hurudi kwao na ngozi yake.

Mwanafunzi wangu mmoja wa ushairi ameniletea tarbia kuhusu timu ya shule ya sekondari ya Red Mesa, katika nchi ya Wanavajo, Arizona. Timu hiyo ilijiita Redskins, yaani wenye ngozi nyekundu, naye alitaka neno la Kiswahili la kulibeba jina hilo.

Ni neno lenye ugomvi. Aprili 2014 Baraza la Taifa la Wanavajo lilipiga kura, 9 kwa 2, kulipinga lisitumiwe na timu za kulipwa. Ile ya Washington ikaja kuliacha mwaka 2020. Lakini mwaka huohuo wa 2014 vijana wa Red Mesa, karibu wote Wanavajo, walikuwa wakilivaa kifuani. Na Novemba 2013 baadhi ya wazee wa Kinavajo waliotumia lugha yao kama msimbo wa siri katika Vita Vikuu vya Pili walitokea kwenye mchezo wa timu ya Washington wamevaa koti lake. Nani basi amsemee nani?

Mwanaisimu Ives Goddard alionyesha mwaka 2005 kwamba katika karne ya 18 neno hilo lilitoka katika hotuba za wenyeji wenyewe, wakijitofautisha na Wazungu. Matusi yalikuja baadaye. Wapo wanaodhani ushahidi huo unalisafisha neno. Mimi sidhani, asili ya neno ni jambo moja, na kinywa kilicholitema mbele ya mtoto ni jambo jingine. Hoja ya ardhi inanigusa zaidi: Red Mesa ni mlima bapa wa mwamba mwekundu, na neno la Kinavajo la rangi hiyo, łichíí', limo katika jina la mahali penyewe. Ila jina la timu halikutaja mwamba. Lilitaja ngozi.

Nasi tusijifanye watazamaji. Kiswahili chetu huwaita watu hawa "Wahindi Wekundu": maneno mawili, na katika la kwanza umo upotevu wa Columbus aliyedhani amefika India, katika la pili umo mzaha wa rangi. Wao hujiita Diné, maana yake watu. Lugha iliyozaliwa katika ukoo wa "-ntu" haipaswi kulemewa na jina kama hilo.

Mwanafunzi alijitetea kwa mizani. Kipande chake, "Wahindi Wekundu wale", kina mizani 8 kamili, na kina chake ni "le". Utetezi halali, maana shairi halitungwi kwa huruma. Nikampa "Wadine, wenyeji wale": 8 vilevile, na kina hakikuguswa.

Jina la timu nimemshauri aliache lilivyo, kwa tahajia yake ya kigeni. Tukilitafsiri kwa upole tutaficha ugomvi. Tukilitafsiri kwa ukali tutakuwa tumeunda tusi jipya la Kiswahili ambalo halikuwapo jana. Yeye anashikilia "Wekundu" peke yake, na hilo bado tunabishania.