Mganga na Pepo Mtoto ndani ya Kenyatta Market

Ukitaja Kenyatta Market ya Nairobi, wengi wanawaza nyama choma na wasusi. Mimi nilipotia timu juzi nikitokea Arusha, pua ilivutwa na moshi wa nyama lakini masikio yakanipeleka kwenye kibanda cha santuri.

Mzee alinituma kitu kimoja tu: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Sahani zake zilipotea tulipohama nyumba, na gramafoni imebaki meza ya kuwekea chai. Mfukoni nilikuwa na hela ya santuri moja na nauli ya kurudi, basi.

Kwetu jazz ni jina la bendi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Unayarudi mpaka shati linalowa. Ile ya Wamarekani nilidhani ni ya kukaa kwenye kiti na kukunja uso.

Muuzaji akaanza na Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959. Tamu! Kama ndo unaanza, anzia hapo. Akaleta The Epic ya Kamasi Washington, ya 2015, santuri tatu kwa mpigo. Bei ilinikohoza, nikairudisha taratibu.

Halafu nikaona kasha limeandikwa MWANDISHI. Kiswahili kabisa! Ni ya Herbie Hancock, mpiga kinanda mzaliwa wa Chicago, ilitoka 1971. Enzi zile Weusi wengi wa Marekani walikuwa wanajichagulia majina ya Kiafrika, na kundi hili lote likafanya hivyo. Hancock akawa Mwandishi. Mpiga besi, Buster Williams, Mchezaji. Wa ngoma, Billy Hart, Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, na kweli alikuwa amesomea udaktari. Wa tromboni, Julian Priester, eti Pepo Mtoto!

Nikaomba iwekwe. Wimbo wa kwanza, dakika 13, umetungwa kwa heshima ya Angela Davis. Besi inarudia kitu kilekile, nami nagonga mguu, kila nikidhani nimeshika napotea. Kumbe mzunguko una mapigo 15. Nilisimama pale mpaka upande ukaisha, msusi wa jirani ananicheka.

Ya Mbaraka ilikuwepo, nimeishika kwa mkono huu.

Nyumbani mzee alivaa miwani, akasoma majina moja moja. Kwenye Pepo Mtoto akacheka hadi chozi. Akaligeuza kasha, akachungulia ndani ya mfuko wangu.

“Na Mbaraka yuko wapi?”