Udongo na Mcheza Ngoma

Mchoraji asafiriye mkoani Singida baada ya mavuno, akapita vijiji vya Wanyaturu au Wanyiramba jioni ya ngoma, hupata mtihani. Majabali yaliyotapakaa katika nchi ile hayamsumbui, maana yatamngoja mpaka rangi yake ikauke. Mchezaji hangoji. Mguu mmoja ukanyagapo ardhi, wa pili umekwisha kuinuka. Kalamu ikifuata bega, kiuno kimekwisha kugeuka. Arudipo nyumbani ana karatasi nyingi zenye sura za watu, lakini ngoma yenyewe imebaki kijijini.

Mtihani huu si wa Singida peke yake. Edgar Degas, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1834 na kufariki mwaka 1917, alipata sifa kwa picha zake za wachezaji wa Opera ya Paris. Wachache walijua kwamba chumbani mwake aliwafinyanga wachezaji wale wale kwa nta na udongo. Sanamu moja tu aliionyesha hadharani maishani mwake, mwaka 1881: binti wa miaka 14, wa nta, aliyevikwa sketi ya kitambaa cha kweli. Wahakiki wengi waliikejeli. Alipokufa zilikutwa sanamu kama 150, nyingi zimevunjika. 70 na zaidi ziliokolewa, zikanakiliwa kwa shaba.

Kwa nini mwenye rangi mkononi ashike udongo? Kwa sababu picha humwachia mchoraji maficho. Aweza kuufunika mguu kwa kivuli, au kuukata ukingoni mwa karatasi, na mtazamaji asiulize. Udongo hauna huruma hiyo: hudai kujua uzito wa mwili umeegemea wapi, na ukidanganywa huanguka. Degas alizitegemeza sanamu zake kwa waya na hata vizibo vya chupa. Hakuwa akitengeneza mapambo, alikuwa akijifundisha.

Auguste Rodin, mchonga sanamu, alipita njia hiyo akitokea upande wa pili. Mwaka 1906 aliwaona wachezaji wa mfalme wa Kambodia walipozuru Ufaransa. Akawafuata safarini kutoka Paris hadi Marseille, akashika kalamu badala ya patasi, akachora picha kama 150. Hivyo ngoma humtoa kila fundi katika ufundi aliouzoea.

Hapa ndipo Singida inapokuwa na neno la kusema. Katika miamba ya Iramba watu wa kale waliacha michoro ya rangi nyekundu. Malishoni nako, watoto hufinyanga ng'ombe wa udongo, nundu na pembe mahali pake, kwa kuwa wamemtazama ng'ombe kutwa nzima. Basi udongo upo, na jicho lipo. Leo simu hunasa ngoma kwa dakika chache, na hilo ni jambo jema. Lakini aishikaye aweza kurudi kwao asijue alichokiona. Nao wazee waijuao ngoma hawatakaa milele.

Mwanafunzi akijaribu kumfinyanga bibi mmoja achezaye, sanamu yake yaweza kupasuka kabla ya mvua za kwanza. Si hasara. Kabla haijapasuka atakuwa amelazimika kumwendea na kumwuliza: "Shikamoo bibi. Hapa uzito wako uko mguu gani?" Na bibi, ili apate kujibu, itambidi asimame, acheze tena, polepole.